Kuchagua godoro la springi za mifukoni lenye tabaka la mto: mwongozo kamili kwa mnunuzi wa Tabora

Godoro la springi lenye tabaka la mto juu, ambalo wauzaji wengi huliita tu "pilo topu", huuzwa kwa mambo mawili: idadi ya springi na ule ulaini unaousikia unapolikalia. Yote mawili yana maana yake, lakini godoro hili haliharibikii hapo. Springi za chuma zikitengenezwa vizuri hukaa miaka mingi. Kinachochoka mapema ni sponji na faiba zilizo ndani ya lile tabaka la juu, na kinachoua godoro zima kabla ya wakati ni kitanda chenye chaga za kuhesabika. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia chumbani kwako. Dukani utakwenda baadaye, ukiwa na futikamba mfukoni.

Nimeuandika kwa mtu wa Tabora, awe anakaa Kanyenye, Isevya au Ipuli, au anatoka Urambo na Kaliua na kushuka mjini kununua vitu vya ndani baada ya masoko ya tumbaku. Wa Kigoma naye atautumia karibu wote, ila azingatie zaidi yale ya unyevu.

Hatua ya 1: Pima kitanda, tena kwa sentimita

Mafundi wetu hutengeneza vitanda kwa futi: 5 kwa 6, 6 kwa 6, na siku hizi 6 kwa 6 na nusu. Magodoro ya sponji ya viwanda vya hapa nchini nayo hukatwa kwa futi hizo hizo, ndiyo maana hujawahi kusumbuka. Magodoro mengi ya springi za mifukoni yanayoagizwa nje hupimwa kwa sentimita: 150 kwa 200, 160 kwa 200, 180 kwa 200. Muuzaji akiulizwa atakujibu "hiyo ni sita kwa sita, bosi," na wala hana nia mbaya, ndivyo alivyozoea kuyaita.

Sasa piga hesabu. Futi 6 ni sentimita 183. Godoro la 180 kwa 200 ukilileta kwenye kitanda cha futi 6 kwa 6, kwa upana litabakiza nafasi ya sentimita 3, ambayo haina neno. Kwa urefu litakuwa limezidi kwa sentimita 17. Godoro la sponji ungelisukuma kwa goti likajibana likaingia. La springi haliingii, na ukililazimisha litabinuka katikati huku springi za miguuni zikilala upande. Mwezi mmoja wa kulilalia hivyo unatosha kuliharibu.

Pima ndani ya kitanda, ubao hadi ubao, si nje. Pima kichwani, katikati na miguuni, kwa sababu kitanda cha mkono hakikosi kutofautiana sentimita moja au mbili. Andika kipimo kidogo kuliko vyote. Baada ya hapo una njia tatu. Tafuta godoro lililokatwa kwa futi, yapo. Au agiza kitanda kipya. Au mwite fundi akubadilishie mbavu mbili za pembeni aweke ndefu zaidi, zinazoacha nafasi ya ndani ya sentimita 202, huku kichwa na miguu ya kitanda vikibaki vile vile. Kama kitanda chako ni cha mninga, na Tabora wengi wetu tuna bahati hiyo, mimi naona njia ya tatu ndiyo yenye akili. Rangi ya mbao mpya haitafanana na ya zamani mwanzoni, lakini mbavu zenyewe zitafunikwa na shuka.

Hatua ya 2: Hesabu chaga

Hapa ndipo pa kukaa sana.

Godoro la sponji la inchi 8 linavumilia chaga tano zilizopangwa mbali mbali. Linabonyea kidogo katikati ya nafasi, basi. Springi za mifukoni ni habari nyingine. Kila springi inasimama peke yake ndani ya kimfuko chake cha kitambaa, na upana wake mara nyingi ni sentimita 5 hadi 7 tu. Nafasi kati ya chaga na chaga ikiwa shubiri moja, kuna mistari mizima ya springi isiyokanyaga ubao wowote. Hiyo itazama chini kila ukilala, kitambaa cha chini kitalegea, gundi inayoshika mifuko itaachia, na utaanza kusikia mawimbi mgongoni. Utalilaumu godoro bure.

Kipimo kinachokubalika na watengenezaji wengi ni nafasi isiyozidi sentimita 7 hadi 8, sawa na inchi 3. Mfano: kitanda chenye urefu wa ndani wa sentimita 183, chaga za upana wa sentimita 10. Chaga 11 zinachukua sentimita 110, zinabaki 73 za kugawa kwenye nafasi 10, yaani sentimita 7 na kitu kila moja. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya chaga ambazo vitanda vingi vya hapa vinakuja nazo. Mwambie fundi idadi, usimwambie tu "ongeza kidogo".

Kitanda cha futi 5 na kuendelea kinahitaji pia boriti ya katikati inayotoka kichwani hadi miguuni, na boriti hiyo iwe na mguu unaogusa sakafu, ukipata miwili ni bora zaidi. Watu wawili wazima pamoja na godoro lenyewe wanaweza kufika kilo 200. Chaga ndefu za futi 6 zisizo na mguu katikati zitapinda, hata ziwe za mninga.

Kuna wanaokata njia fupi kwa kutandika plaiwudi juu ya chaga tano zilizopo. Inasaidia, lakini bila matundu inazuia hewa ya chini. Jasho la usiku linashuka, linakutana na ubao usiopumua, na baada ya masika moja unakuta madoa meusi ya ukungu chini ya godoro. Kigoma karibu na ziwa hilo hutokea upesi zaidi. Ukiamua plaiwudi, toboa matundu mengi ya kipenyo cha sentimita 3 au zaidi, na uwe unalinyanyua godoro mara kwa mara lipate hewa.

Jambo moja la mwisho kuhusu mbao: chaga zikaushwe. Mbao mbichi ikishakauka chini ya godoro inajikunja na misumari inachomoza. Mwombe fundi agonge misumari ndani kabisa au atumie skrubu, kisha pitisha kiganja juu ya kila chaga wewe mwenyewe.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya unene, chandarua na shuka

Magodoro haya ni manene, inchi 10 hadi 14. Kabla hujaupenda unene, simama pembeni ya kitanda chako upime toka sakafuni hadi juu ya chaga. Tuseme ni sentimita 40. Ongeza godoro la inchi 13, ambalo ni sentimita 33. Umefika 73, na bibi akija kukutembelea atahitaji kigoda. Kwa mtu mzima wa kawaida, sentimita 50 hadi 60 toka sakafuni hadi juu ya godoro zinatosha, akikaa miguu inagusa chini. Fundi anaweza kuzishusha zile mbao zinazobeba chaga, kazi ya muda mfupi.

Chandarua nacho kinapungukiwa. Tabora na Kigoma ni miongoni mwa mikoa inayosumbuliwa sana na malaria nchini, kwa hiyo hili si la kupuuza. Kile kinachofika vizuri chini ya godoro la inchi 6 kitaishia ubavuni mwa godoro la inchi 13, na chandarua kisichochomekwa ni mlango wazi. Jaribu kabla ya kununua: weka alama ukutani pale juu ya godoro jipya patakapofika, uone kama chandarua bado kina kitambaa cha kuchomeka. Kikipungua, shusha ndoano au nunua kirefu zaidi.

Shuka vilevile. Ya futi 7 kwa 8 juu ya godoro la upana wa futi 6 inashuka nusu futi tu kila upande, yaani nusu ya ubavu wa godoro la inchi 12. Kila asubuhi utaikuta imekusanyika katikati. Utahitaji ya futi 9 kwa upana, au ya lastiki iliyoshonwa kwa unene huo. Mafundi cherehani wanaweza, ukiwapa vipimo vitatu: urefu, upana, unene.

Hatua ya 4: Dukani, hakikisha ni springi za mifukoni kweli

Magodoro ya springi yapo ya aina kuu mbili madukani kwetu. Ya kwanza ni ya springi zilizounganishwa, zinaitwa boneli, kila moja ina kiuno chembamba katikati na zote zimefungwa pamoja kwa waya. Ukikaa kona moja, wa kona nyingine anajua. Ni za bei nafuu na ni imara, lakini zinapiga kelele zikizeeka. Ya pili ndiyo hii ya mifukoni, ambayo kila springi inabonyea peke yake. Mwenzako akigeuka usiku au akiamka kwenda kazini alfajiri, wewe hutikisiki sana. Sababu ya kulipa zaidi ni hiyo.

Kwa macho, kwa nje, yanafanana kabisa. Fanya hivi: omba chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa nusu. Isimamishe juu ya godoro, kisha bonyeza kwa ngumi umbali wa kama shubiri mbili kutoka ilipo. Kwenye boneli chupa inayumba na mara nyingi inaanguka. Kwenye springi za mifukoni maji yanacheza kidogo tu. Tabaka la mto juu linaweza kuficha tofauti, kwa hiyo bonyeza kwa nguvu, ngumi ishuke hadi uikute springi.

Kisha tega sikio. Mwambie muuzaji aruke-ruke kwa makalio mara mbili tatu akiwa amekaa. Mlio wa chuma kwa chuma kwenye godoro jipya haukubaliki, kwa sababu vitambaa vya mifuko vinatakiwa kuzitenganisha springi zisigusane.

Duka zuri huwa na kipande cha mfano kilichokatwa kuonyesha ndani. Wakikosa, angalia kama kava ina zipu. Wakikosa vyote viwili, uliza maswali ya hatua inayofuata uone kama yanajibiwa kwa namba au kwa sifa.

Hatua ya 5: Idadi ya springi isikulevye

"Springi elfu mbili." Za godoro la ukubwa gani? Namba hiyo mara nyingi imehesabiwa kwa saizi moja, kisha ikaandikwa kwenye saizi zote. Njia ya kulinganisha ni kugawa kwa eneo. Godoro la 150 kwa 200 lina mita za mraba 3. Springi 1,000 humo ni kama 333 kwa kila mita ya mraba, na kila moja ina upana wa kama sentimita 5 na nusu. Hilo ni godoro zuri tayari. Ukisikia 2,000 au 3,000, basi ama springi ni nyembamba zaidi, ama wamejumlisha tabaka la pili la vijispringi vifupi vya sentimita chache vilivyowekwa juu. Vijispringi hivyo si ulaghai, vina faida yake, lakini usivihesabu sawa na springi ndefu zinazobeba uzito.

Unene wa waya nauona una uzito kuliko idadi. Waya wa milimita 1.8 hadi 2 ndio wa kubeba watu wazima wenye miili. Wa milimita 1.5 ni laini, unamfaa mtu mwepesi. Muuzaji asipojua, omba aangalie kwenye karatasi ya mtengenezaji.

Maeneo matano, maeneo saba ya ugumu: hayo yamepangwa kwa mtu wa urefu wa wastani. Mfupi au mrefu sana, kiuno chake kinaangukia eneo la mwingine. Nisingeongeza hela kwa ajili hiyo.

Ukingo ndio wa kuukagua. Kaa pembeni kabisa kama unavaa viatu. Ukiteleza kuelekea chini, ukingo hauna fremu ya sponji ngumu, na baada ya mwaka utakuwa umelala. Nyumba zetu kitanda hutumika kama kiti pia, tukubali.

Hatua ya 6: Tabaka la mto, chunguza hili kuliko yote

Tabaka la mto ni kama godoro jembamba lililoshonewa juu ya godoro. Kwenye pilo topu halisi utaona mfereji unaozunguka kati ya tabaka na godoro, unaweza kupitisha vidole. Kuna aina nyingine ambayo tabaka limeshonwa likalingana na ukingo, hakuna mfereji. Hiyo ya pili haitambai pembeni upesi. Ya kwanza ina faida yake, nitaisema mwishoni.

Swali la kuuliza: ndani ya tabaka kuna nini, na densiti yake ni ngapi? Wauzaji wa sponji Tabora wamezoea neno "hai densiti", lakini neno hilo si namba. Namba ni kilo kwa mita ya ujazo. Sponji ya kawaida chini ya 20 itakuwa laini ajabu dukani na itakuwa bonde mapema. Kuanzia 30 kwenda juu ni ya kuaminika. Sponji ya memori, ile inayobaki na alama ya kiganja kwa sekunde kadhaa, inatakiwa iwe nzito zaidi, karibu 50. Mpira wa asili ndio unaodumu kuliko zote, na bei yake inasema hivyo. Faiba ya polista yenyewe peke yake, hata iwe imejaa namna gani, inashikana na kulala ndani ya muda mfupi. Ikiwekwa nyembamba juu ya sponji nzuri haina tatizo.

Joto pia liko hapa. Springi zenyewe zinapitisha hewa vizuri kuliko sponji tupu, lakini sentimita 6 za sponji ya memori juu yake zinarudisha joto lote mwilini mwako. Septemba na Oktoba Tabora, kabla mvua hazijaanza, utalala sakafuni. Chagua tabaka la mpira wa asili au la sponji ya kawaida nzito, lenye kava ya kitambaa cha kufuma kinachovutika, na lisiwe nene kupita kiasi. Sentimita 4 hadi 5 za kitu kizuri zinashinda 10 za kitu hafifu, kwa ulaini wa kudumu na kwa hewa.

Jua pia kwamba godoro hili halina upande wa pili. La sponji ulikuwa unaligeuza juu chini. Hili unazungusha tu, kichwani kwenda miguuni. Maana yake uchakavu wote unaangukia uso mmoja. Nikiwa na hela ya kutosha lakini si ya kuchezea, ningenunua godoro la springi za mifukoni la uso bapa, halafu topa ya kutandika juu, ya mpira, inayonyanyuka. Topa ikichoka unabadilisha topa. Wengi hawapendi kwa sababu si la kuvutia likiwa limetandikwa. Wenyewe mtaamua.

Hatua ya 7: Lilalie

Usione haya. Vua viatu, lala robo saa, kwa ubavu unaolalia nyumbani. Kama mnalala wawili, nendeni wawili.

Ukiwa chali, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita huru kama kwenye daraja, ni gumu mno kwako. Kisipopita kabisa na ukasikia makalio yamezama, ni laini mno. Kikipita kwa kusukuma kidogo, hapo hapo. Ukiwa kwa ubavu, mwenzako asimame miguuni aangalie uti wa mgongo wako kama umenyooka au umepinda kama upinde.

Wazee wetu wengi wanaamini mgongo unaouma unatibiwa na godoro gumu. Hispania walilijaribu jambo hilo kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2003: waliolalia magodoro ya ugumu wa kati walipata nafuu zaidi kuliko waliolalia magumu. Kwa mtu wa chini ya kilo 60, ugumu wa kati unaoelekea ulaini unafaa. Wa zaidi ya kilo 90 aelekee kwenye ugumu. Mkitofautiana sana uzito, mchague linalomfaa mzito, kisha mwepesi aongezewe ulaini kwa topa upande wake.

Kumbuka tabaka jipya litalala kidogo miezi ya mwanzo. Ukilikuta dukani linakutosha laini kabisa, nyumbani litazidi.

Hatua ya 8: Waranti, risiti, na mtumba

"Waranti miaka kumi" isome yote. Mara nyingi bonde linahesabika kuwa kasoro likizidi kina fulani, kwa kawaida kati ya inchi 1 na 1 na nusu, likipimwa hakuna aliyelala. Waranti hufutika godoro likiwa na madoa, au likiwa limewekwa kwenye kitanda chenye chaga mbali mbali. Unaona kwa nini tulianza na fundi. Uliza pia kwa maandishi: likiwa na kasoro, nani analipa nauli ya kulirudisha Dar es Salaam? Jibu hilo ndilo linaloamua kama waranti ina maana kwa mtu wa Tabora. Dai risiti ya EFD, ipige picha, na picha nyingine ya lebo ya godoro, maana karatasi za risiti hufutika wino.

Kwenye bei, usibanane na muuzaji kwenye punguzo pekee. Omba kava ya kuzuia maji na usafiri hadi mlangoni. Mara nyingi hapo hulegea upesi kuliko kwenye bei.

Pilo topu ya mtumba sikushauri. Mifereji ile na mishono ndiyo makazi ya kunguni, na tabaka limeshachukua umbo la mwili wa mtu mwingine. Ukilazimika, washa tochi ya simu upite kila mshono na chini ya kila lebo ukitafuta vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu na magamba mepesi. Ukiona kimoja tu, ondoka.

Hatua ya 9: Kulisafirisha na kulifungua

Yapo yanayokuja yamekandamizwa na kuviringishwa kwenye nailoni. Hayo ni rahisi kupakia, lakini uliza yameviringishwa tangu lini. Mengi yanatakiwa yafunguliwe ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache, na lililokaa stoo mwaka mzima linaweza lisirudi unene wake. Ukifika nyumbani lifungulie juu ya kitanda chenyewe, kata nailoni kwa uangalifu, ulipe siku moja hadi tatu lijae kabla ya kupima unene.

Lisiloviringishwa lisikunjwe hata kidogo. Vijana wa stendi watataka kulikunja katikati na kulifunga kamba juu ya basi kama walivyozoea ya sponji. Kataa. Liende kwa lori au kwa kirikuu, limesimama kwa ubavu au limelala bapa bila mizigo juu yake. Kutoka dukani hadi nyumbani, guta linatosha kama halijipindi. Novemba hadi Aprili dai nailoni ya pili juu ya ile ya kiwandani. Tabaka la mto likinywa maji ya mvua, kukauka kwake ni kazi, na harufu haitoki.

Likishaingia chumbani, vua nailoni yote. Najua tunapenda ibaki, godoro lionekane jipya. Ila jasho halina pa kwenda, unalala kwenye maji yako, na ukungu unaanza. Mahali pake weka kava ya kuzuia maji inayopumua, hasa kama kuna mtoto.

Hatua ya 10: Kulitunza

Lizungushe kichwani kwenda miguuni kila baada ya miezi miwili au mitatu mwaka wa kwanza, baadaye mara mbili kwa mwaka. Mwe wawili, mlivute likiwa limelala, msishike mfereji wa tabaka, mshono utaachia.

Kulianika juani kama ya sponji, hapana. Ni zito, litapindika mkilitoa, na jua kali huchakaza sponji na mpira. Vua matandiko, fungua madirisha, liache lipumue mchana mmoja.

Kupigia pasi nguo kitandani, nayo tuache. Cheche moja ya pasi ya mkaa inatosha kuwasha sponji.

Bonde lipime kwa uzi. Uvute kutoka ukingo hadi ukingo juu ya godoro lisilo na mtu, shusha rula kutoka kwenye uzi hadi chini kabisa ya bonde, piga picha namba ikisomeka. Likifika kina kilichoandikwa kwenye waranti, peleka picha hiyo na risiti dukani.

Waranti ikiwa imeisha, usitupe. Piga goti ndani ya bonde, usukume hadi uikute springi. Ikirudisha kwa nguvu sawa na pale kando ambapo hapana bonde, springi ziko hai na tatizo ni sponji ya tabaka tu. Hapa ndipo ile pilo topu yenye mfereji inapolipa, kwa sababu mshono wake unafikika. Fundi sofa mzoefu atafumua pande tatu, atatoa sponji iliyolala, ataingiza mpya ya densiti ya 30 au zaidi, na kushona tena kwa sindano iliyopinda. Mpe vipimo vya unene wa zamani, achukulie ukingoni ambako hapajalaliwa, na umwambie asizidishe hata inchi, kava haitafunga.